Kiti cha Kushoto

Kahama, Jumatatu, 3 Novemba 1997

Naandika Kiswahili kwa sababu nyumba hii haina siri. Mama anasoma Kigujarati chochote kinachopita mbele ya macho yake, hata magazeti ya kufungia viungo. Kiswahili anakisema dukani kutwa nzima lakini kukisoma anaona uvivu. Basi karibu, daftari. Nina hasira na lazima nimwambie mtu.

Jana nilitapika juu ya noti.

Nieleze vizuri. Kaka yangu Rushabh ana Datsun ya rali aliyopewa na Baba, na mwisho wa Mei, mvua zikishakatika, kuna mashindano Mwanza. Dereva hukaa kulia. Kushoto hukaa msoma ramani, ambaye kazi yake ni kumsomea noti: kona inayokuja ni ya upande gani, kali kiasi gani, mita ngapi mpaka inayofuata, na mbele yake kuna nini. Moja ni kona ya kukaribia kusimama, sita ni ya kupita na gia ya juu. Dereva anaendesha kwa sikio. Noti za barabara ya Isaka nimeziandika mimi, gari likienda polepole, kipande kwa kipande, na Rushabh mwenyewe amekiri kwamba hajawahi kupata noti safi kama hizo.

Kuandika naweza. Kusoma gari likiwa mbio, tumbo langu halitaki. Jana tulipita Kagongwa vizuri tu. Kisha nikainamisha kichwa kwenye karatasi, nikasema "kushoto nne," na kilichofuata hakikuwa neno. Rushabh akasubiri kuambiwa kona nyingine, hakuambiwa, akaikuta. Tukaingia kwenye jaruba la watu, vumbi mpaka kwenye meno. Mwenye jaruba akaja, akatuona, akaniangalia shati, akasema, "Poleni jamani," kwa upole kabisa. Afadhali angetukana.

Leo asubuhi Baba amekoroga chai yake muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji.

"Sanket atakaa," amesema.

Sanket ni mtoto wa baba mdogo, wa Mwanza. Hajawahi kutapika tangu azaliwe, kwa maelezo ya mama yake.

"Baba, nipe nafasi nyingine."

"Mvua zinakuja, dikri, binti yangu. Barabara itakufa. Utajifunzia wapi?"

"Nitajifunza."

Akaniangalia. Baba aliendesha rali miaka mingi kabla ya kunenepa na kuwa Mzee Harish wa spea. "Haya. Mvua zikiisha nitaendesha mimi mwenyewe, Kahama mpaka Isaka. Ukisoma zote bila kutapika, kiti ni chako. Ukitapika, Sanket."

Mama akadakia kwamba tumbo la mtoto wa kike si la kuchezea, na kwamba mwakani nitakuwa kwa watu, nikasome ramani ya jikoni huko. Anasema kweli: wameshaanza kuulizia familia ya Tabora. Kwa hiyo ni mwaka huu au basi. Nina miaka ishirini na mbili na sijawahi kutaka kitu kama ninavyokitaka kile kiti.

5 Novemba

Mvua imeanza. Mama anafurahi, kapanda giligilani.

Jumapili, 9 Novemba

Sebuleni tuna bembea ya mbao, kama nyumba nyingi za kwetu. Nimekaa humo alasiri yote nikisoma noti kwa sauti, najisukuma kwa miguu. Hakuna kilichotokea. Nimekula, nimesoma, nimelala humo humo. Bembea inakwenda mbele na nyuma kwa adabu. Gari halina adabu.

Jumapili, 16 Novemba

Nimepata kichefuchefu! Sijawahi kukifurahia hivi.

Ilikuwa hivi. Mvua imefunga wateja majumbani, Rushabh akawa anacheza mchezo wa magari kwenye kompyuta aliyoinunua kwenye kambi ya watafiti wa dhahabu kule Bulyanhulu. Barabara inakuja kwenye kioo, miti imekatwa kama ya karatasi, injini inalia. Mimi nimekaa pembeni kwenye stuli nahesabu bolti za kuuza, kichwa chini. Ile stuli ina mguu mmoja mfupi. Nikihamisha mkono inalalia huku, nikirudisha inalalia kule. Baada ya muda nikahisi mate yamejaa mdomoni, jasho shingoni. Nikajua. Si mwendo unaonitapisha. Ni kuyumba upande upande huku macho yamekaa kwenye karatasi.

Basi kama barabara imekufa, nitajenga barabara stoo. Kiti kiyumbe kadiri kompyuta inavyokata kona, na mimi nisome juu yake mpaka tumbo lichoke kulalamika.

Rushabh kacheka. Kisha kaacha kucheka, kaniuliza nitatumia mota gani.

18 Novemba

Nimekwenda kwa Maduhu, fundi wa kuchomelea nyuma ya soko. Anatengeneza majiko, vitanda vya chuma, lakini riziki yake kubwa ni baiskeli. Hapa kwetu hakuna fremu iliyokatika ambayo haijapita mikononi mwake.

"Mwangaluka, dada Heena. Kimekatika nini?" akaniamkia Kisukuma chake.

"Hakijakatika kitu. Nataka kiti kinachoyumba."

"Wenzako wote wananiletea vinavyoyumba nivitulize."

Nikamchorea kwenye vumbi la chuma juu ya meza yake. Chini fremu ya bomba. Katikati krosi ya propela shafti ya Land Rover, ile inayopinda pande zote, tunazo tatu mbovu dukani. Juu ya krosi, kiti cha pikapu. Mota mbili za waipa za lori zitakivuta, moja kulia na kushoto, nyingine mbele na nyuma. Usukani utakuwa pembeni, nje ya kiti. Nitafunga chini yake ile nobu ya kuongezea sauti kwenye redio, ili kompyuta ijue umekata kiasi gani, pamoja na swichi za kuamsha mota. Nyaya ni juu yangu, nimefungua redio zote za nyumba hii tangu niko darasa la sita.

Maduhu akaufuata mchoro kwa kidole. "Nani ataendesha?"

"Wewe."

"Mimi sijawahi kushika usukani wa gari."

"Hili si gari."

"Basi nitaliweza," akasema, na nikaona anavyojizuia kutabasamu.

29 Novemba

Kiti kimekataa. Nimekaa, Maduhu kakata kushoto, mota imeguna, fyuzi imeungua, halafu kiti kimelala chenyewe upande wa kulia na mimi ndani yake. Nimegonga kiwiko kwenye pipa la grisi. Mama kaja mbio na mwiko mkononi.

"Hiki ndicho ulichosomea Shinyanga?"

Kosa nimeliona nikiwa pale pale sakafuni: uzito wangu wote umesimama kwenye krosi peke yake, mota ya waipa itanibeba vipi? Inatakiwa springi kwenye pembe nne zishike uzito, mota ibaki na kazi ya kusukuma tu.

6 Desemba

Mvua. Barabara ya Isaka imekatika sehemu mbili. Malori yamepanga foleni mpaka Kagongwa.

Jumamosi, 13 Desemba

Kimeyumba! Springi za pikapu pembe nne, betri mbili za lori, relei mpya za kuwashia mota. Maduhu akikata usukani, kiti kinalala upande ule bila kusita. Mara ya kwanza kilikuwa kinalala kinyume, Maduhu akasema, "Hapana, hapo unamwangusha mtu, geuza nyaya." Nikageuza nyaya mbili za mota, nikakaa, nikajisikia vizuri kabisa, nikasema hapo sawa.

Nimeandika noti za barabara moja ya kwenye mchezo, kurasa sita. Leo nimesoma ukurasa mmoja. Ndoo ilikuwa karibu.

15 Desemba

Ukurasa mmoja. Ndoo.

16 Desemba

Ukurasa mmoja na mistari miwili. Ndoo. Ile mistari miwili naihesabu.

19 Desemba

Petroli ya jenereta inayochaji betri imekwisha mjini. Nimeyumbishwa kwa mikono: Maduhu kashika bomba upande huu, Rushabh upande ule. Wamechoka kabla sijatapika. Nao huo nauita ushindi.

28 Desemba

Kurasa mbili. Maduhu sasa ni dereva wa kuogopwa. Anaingia kwenye kona na bega lake zima, ulimi umemtoka pembeni ya mdomo. Nikichelewa kusoma ananigombeza: "Dada, sema! Unataka nimgonge nani?" Kwenye mchezo hakuna watu, lakini haachi kuwaogopea.

Jumanne, 13 Januari 1998

Leo Limi, mke wa Maduhu, kaleta ugali wa mumewe, mtoto mgongoni. Kanikuta nimeinamia ndoo na Maduhu kaachia usukani, anasubiri.

"Mbona mmesimama?" kauliza.

"Dada anatapika," Maduhu kasema.

"Naona. Ndiyo msimame?" Kageuka kwangu. "Mimba ya huyu nilitapika mpaka mwezi wa tano. Na pamba nililima. Ningekuwa nasimama kila likinijia tungevuna nini?"

Nimemwambia kwamba mimi sitakiwi kutapika kabisa, ndiyo masharti. Kainua mabega, kafungua bakuli la mumewe. Amenikera. Watu wanadhani kila kitu ni shamba.

22 Januari

Kurasa tatu. Ndoo, lakini mwishoni.

25 Januari

Maji yameingia stoo mpaka kwenye kifundo. Tumeinua fremu juu ya matofali. Mama mwenyewe kashika pembe moja, huku analalamika.

30 Januari

Kurasa nne na nusu. Bila ndoo.

Jumapili, 8 Februari

Kurasa sita. Zote! Mwanzo mpaka mwisho, sauti moja, na tumbo limekaa kama limelala. Nimemwambia Maduhu arudie. Sita tena. Nikashuka nikacheza pale pale kwenye maji ya stoo, nikampigia simu Rushabh, aliyekwenda Mwanza kufuata spea, nikapiga kelele mpaka akasema masikio yake yameziba.

Baba alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu saa ngapi. Alikaa mpaka tulipozima mota.

Jumapili, 22 Februari

Sitaki kuandika. Naandika.

Rushabh karudi kutoka Mwanza kwa lori, safari ya siku mbili matopeni. Hata kuoga hajaoga, kaja stoo. "Nionyeshe hiyo ndege yako." Nikamwachia kiti, Maduhu akashika usukani, mimi nikasimama pembeni nimekunja mikono kama mwenye mali.

Kona ya kwanza, Rushabh kaguna. Kona ya pili kasema, "Ngoja. Simama. Kata kushoto tena."

Maduhu akakata kushoto. Kiti kikalala kushoto.

"Heena," Rushabh kasema taratibu, kama mtu anayetoa habari ya msiba, "gari likikata kushoto linalala wapi?"

Gari likikata kushoto bodi linalalia *kulia*. Linakutupa nje ya kona. Nimelijua hilo tangu utotoni, nimebanwa na mlango ule mara ngapi!

"Hii si gari," Rushabh kasema. "Hii ni baiskeli."

Na ndivyo ilivyo. Baiskeli ndiyo inayolala ndani ya kona, na Maduhu maisha yake yote kona anazijua kwa baiskeli, amebeba magunia ya pamba juu yake. Siku ile kiti kiliponitupa nje, aliona naanguka, akasema geuza nyaya. Nami nikageuza. Nikajisikia vizuri, na badala ya kujiuliza kwa nini najisikia vizuri, nikafurahi. Miezi miwili na zaidi nimefundisha tumbo langu kupanda baiskeli.

Nimemfokea Maduhu. Nimemwambia maneno ambayo siyaandiki. Alisikiliza yote, kisha akasema, "Dada, mimi nilikwambia ninavyojua. Wewe ndiye uliyekuwa unapanda magari." Akakusanya spana zake akaondoka na mvua yote ile.

Rushabh kageuza nyaya mbili. Kazi ya dakika. Nikakaa, yeye akaendesha.

Mstari wa pili. Ndoo.

Nimelia mpaka pua imeziba. Rushabh kasema pole, halafu kasema na lingine: Baba ameshamwambia Sanket aje na helmeti yake mwezi ujao.

23 Februari

Sijafanya kitu. Nimeuza bolti.

Jumanne, 24 Februari

Nimekwenda nyuma ya soko. Maduhu alikuwa anachomelea, hakuinua miwani.

"Shikamoo," nikamwambia. Ananizidi miaka kama kumi, sijawahi kumwamkia hivyo.

Akazima moto. "Marahaba. Bosi akikosea naye anaamkia?"

"Nilikosea mimi. Nyaya zilikuwa zangu na gari ni letu. Rudi, Maduhu. Mwanzo, ukurasa wa kwanza."

"Sasa kitakutupa nje?"

"Kitatutupa wote."

Akavua glavu. "Basi nifundishe hilo gari linavyokata kona. Sitaki tena kuambiwa mimi ni baiskeli." Nikamtoa mchana huu na pikapu ya duka, tukazunguka uwanja wa mpira kwenye matope, yeye amekaa kiti cha kushoto, ameshika dashibodi kwa mikono miwili. Kila kona anasema, "Aha! Aaa-ha!" Tumezunguka mpaka mlinzi akatufukuza.

2 Machi

Mistari minne. Ndoo.

5 Machi

Mistari kumi. Ndoo.

9 Machi

Mistari tisa.

Ijumaa, 13 Machi

Holi, sikukuu yetu ya rangi. Nimepakwa rangi na Mama mpaka masikioni. Ukurasa mmoja.

Jumamosi, 21 Machi

Sanket amefika. Nilijiandaa kumchukia, kanipa pakiti ya pipi na kasema amesikia habari za mashine yangu mpaka Mwanza. Kijana mwema. Hilo linaniudhi zaidi.

Kapanda. Kasoma kurasa sita zote huku anatafuna andazi. Andazi! Baba alikuwepo, kaangalia mpaka mwisho.

Lakini nilisimama nyuma ya Maduhu, macho kwenye kioo, na nilikiona kitu. Sanket anasoma kama anasoma gazeti. Mstari ukiisha anaanza mwingine, hajali gari liko wapi. Mara mbili Maduhu alikuwa ameshaingia kwenye kona ndipo akaambiwa ipo. Sanket hatapiki kwa sababu hayumo ndani ya gari. Mwili wake uko kwenye kiti, basi. Mimi kila kona naipata tumboni kabla ya kuisema, na ndiyo maana naisema wakati wake.

Nilitaka kumwambia Baba. Nikaona nitaonekana mwenye wivu. Na nina wivu, kwa hiyo nimenyamaza.

Jumatatu, 30 Machi

Ukurasa mmoja na nusu, na hapo nimekwama wiki nzima. Haipandi. Mei iko pale. Leo nilipoinamia ndoo nikasikia Maduhu anaachia usukani, na maneno ya Limi yakaniingia ghafla kwa hasira ile ile ya siku ile. *Ndiyo msimame?*

"Usisimame!" nikapiga kelele ndani ya ndoo. "Endesha!"

Maduhu akaendesha. Nikatapika, nikafuta mdomo kwa mkono, nikatafuta mstari, nikaupata. "Kulia tatu, hamsini, kushoto tano." Sauti ilikuwa mbaya, lakini ilikuwa kwenye kona yake. Tukafika mwisho. Kurasa sita.

Nilikuwa na hasira na Limi miezi hii yote kwa sababu alikuwa ameshalijua jibu na mimi sikulitaka.

4 Aprili

Nimeshona ule mpira wa kuvutika wa soksi kwenye mdomo wa mfuko wa plastiki, nauvaa shingoni. Mikono yote miwili inabaki kwenye karatasi. Mama kaniona, kasema, "Arre, sasa unakula mfukoni kama farasi." Kisha kauchukua, kaushona vizuri zaidi kwa cherehani.

11 Aprili

Tumbo lina dalili. Mate, jasho, halafu muda mfupi wa kuuma meno. Nikiyauma naweza kulizuia kidogo. Noti zinanionyesha wapi barabara imenyooka. Basi nalizuia mpaka kwenye mnyooko, nalitoa pale, narudi kabla ya kona. Maduhu anasema siku hizi hajui nimetapika lini mpaka auone mfuko.

Najua vizuri kwamba masharti ya Baba si haya.

20 Aprili

Mvua imepungua.

29 Aprili

Jua. Greda limepita mpaka Kagongwa.

6 Mei

Mota ya mbele imeungua kabisa, moshi mpaka jikoni. Tumeizika kwenye pipa la chuma chakavu kwa heshima zote. Haina neno, barabara imefunguliwa. Kesho natoka na Rushabh kuandika noti upya, kwa sababu barabara niliyoiandika Oktoba haipo tena. Maji yamechimba makorongo mapya, kona zimehama.

Jumapili, 17 Mei 1998

Naandika haraka kabla sijasahau hata kona moja.

Tumetoka asubuhi mapema kabla ya malori. Baba kulia, amebanwa na mkanda tumboni. Mimi kushoto, helmeti, noti, mfuko shingoni. Rushabh alitangulia na pikapu kuzuia watu na ng'ombe, Sanket akabaki nyumbani na helmeti yake kwenye meza ya chai. Mama hakutoka nje. Nilimwona dirishani.

Sijawahi kukaa na Baba akiendesha kweli. Nilidhani ameshazeeka. Mungu wangu! Alitia gia ya tatu kabla sijamaliza kusema "kulia tano," na nikaelewa kwamba hataki kunihurumia hata kidogo. Nikafurahi.

"Kushoto nne, themanini, kulia tatu, korongo kushoto kwake. Mia, kulia sita, mteremko, daraja, usikate ndani."

Kila niliposema, alifanya. Hakuuliza, hakuangalia. Mtu mzima mwenye shingo ngumu kuliko watu wote wa mji huu alikuwa ananisikiliza neno kwa neno, na aliamini. Kona zilinitupa nje, nikazikuta ninazijua: mlango, bega, tumbo, halafu inayofuata. Kagongwa tukaipita, watu wameshika viuno pembeni mwa barabara. Pale pale nilipotapika Novemba, hakuna kitu. Nikapita jaruba la yule bwana, safari hii lina mpunga, nikasema "kulia mbili, kali, funga breki," na hatukuingia shambani kwake.

Halafu makorongo mapya. Moja, jingine, jingine. Gari likaruka, likakaa, likaruka. Mate yakajaa. Jasho. Nikauma meno. Mstari uliofuata: kulia tatu, kushoto tatu, kulia nne, halafu mia mbili zilizonyooka. Nikazisema zile kona tatu, meno yameumana, nikasema "mia mbili," nikazitumia. Mfuko wa Mama haukuvuja. "Kushoto mbili, usikate ndani, kuna jiwe."

Alikata kushoto mbili. Hakukata ndani. Jiwe lilipita karibu na mlango wangu.

Isaka, Baba kazima injini. Kimya kikaja na vumbi. Alivua helmeti, nywele zake chache zimesimama, na uso wake ulikuwa wa kijana. Sijawahi kumwona na uso ule.

"Hukutapika!" kasema.

Ningeweza kunyamaza. Mfuko ulikuwa miguuni, nimeufunga fundo. Kweli kabisa niliwaza kunyamaza.

"Nimetapika, Baba."

Akauangalia mfuko. "Wapi?"

"Kwenye mia mbili, kabla ya jiwe."

Akafikiri, naona anairudia barabara kichwani. "Pale nilikuwa na gia ya nne," kasema. "Sikusikia kitu."

"Nilikuwa nimeshakwambia mia mbili. Hukuwa unanihitaji mpaka mwisho wake."

Rushabh akatujia, akaona sura zetu, akarudi kwenye pikapu.

"Nilisema bila kutapika," Baba kasema.

"Ulisema."

Akawasha gari. Tumerudi taratibu, yeye anakagua makorongo moja moja, mpaka nyumbani. Kala, kalala. Sanket kaniuliza imekuwaje, nikamwambia amuulize mwenyewe. Mimi ni mjinga? Ningefunga mdomo ningekuwa nasherehekea. Lakini kwenye kile kiti dereva anakuamini kwa kila unachosema. Siwezi kukianza kwa uongo. Nimekasirika na Baba, nimekasirika na tumbo, na bado nasema nilisoma vizuri. Nilisoma vizuri sana.

Jumatatu, 18 Mei

Nimeamka na kusikia kopo la rangi linatikiswa uani.

Magari ya rali huandikwa kwenye bodi, juu ya matairi ya mbele, upande huu na ule, jina la dereva na la msoma ramani, na mbele ya kila jina grupu la damu, ili ajali ikitokea hospitali wasipoteze muda. Baba huandika mwenyewe, haachii mtu. Nikajua anaandika jina la Sanket. Nikavuta shuka mpaka usoni. Nikamsikia Rushabh anasema kitu, Baba anamjibu kwa mkato, Sanket anacheka. Anacheka, bwana. Nikaziba masikio.

"Heena!" Baba akaita, kwa sauti ya dukani, ile ya kuitia spea kutoka stoo. "Heena! Damu yako grupu gani?"

Nikakaa kitandani. Mdomo ukafunguka, hakikutoka kitu. Mimi, niliyesoma noti mpaka Isaka bila kukosa mstari, nimeshindwa kusema herufi moja.

"O chanya!" Mama akajibu kutoka jikoni, kwa nguvu mpaka majirani wamesikia. "O chanya! Na uandike kubwa, isomeke!"

Nimelia kidogo. Kisha nimekwenda kumshikia Baba kopo.